Kukoroma Si Usingizi Mnono: Pumzi Inayokatika Usiku na Mashine Inayoirudisha

Hapa kwetu Pwani mtu akikoroma husemwa amelala fofofo. Tunamcheka, tunamwigiza barazani, na mkewe akilalamika huambiwa avumilie, kwani mume amechoka kwa kazi na usingizi umemkolea. Makala haya yanasema kinyume chake. Miongoni mwa wanaokoroma kuna kundi kubwa ambalo halipumziki hata kidogo. Pumzi zao zinakatika, zinarudi, zinakatika tena, usiku kucha, na wenyewe hawana habari.

Mimi ni mhandisi wa vifaa vya tiba. Kazi yangu ni mashine, si kuandikia watu dawa. Lakini miaka hii ya karibuni nimekuwa nikiulizwa swali moja tena na tena: jamaa aliye Dubai, Maskati au Uingereza amemletea mzee mashine ndogo yenye bomba na barakoa ya puani. Je, ni ya oksijeni? Inawashwaje? Jibu fupi ni kwamba si ya oksijeni, na haifai kuwashwa tu kama feni. Jibu refu ndilo hili.

KOONI KUNATOKEA NINI

Chukua mrija wa karatasi wa kunywea juisi, uache ulowe, kisha ufyonze kwa nguvu. Kuta zake zitashikana na hutapata kitu. Njia ya hewa nyuma ya ulimi ni kama mrija huo. Haina mfupa wa kuishikilia kama pua, wala haina pete ngumu kama bomba la pumzi linaloshuka kifuani. Inashikiliwa na misuli tu. Mchana misuli hiyo inakaza bila wewe kuifikiria. Usiku inalegea.

Kwa wengi wetu kulegea huko hakuna madhara. Lakini kwa mwenye shingo nene, au taya dogo lililorudi nyuma, au ulimi mkubwa, njia inabaki nyembamba. Hewa ikipita mahali pembamba hutikisa nyama laini, na huo mtikisiko ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, mkoromo unakoma. Hapo ndipo mke husema, "Alhamdulillahi, kanyamaza." Kumbe ukimya huo ndio wa kuogopwa. Kifua kinavuta lakini hewa haiingii. Oksijeni katika damu inashuka, ubongo unashtuka, na mtu anagutuka kwa mkoromo mkubwa kama mzamiaji aliyeibuka kutoka chini ya maji. Hewa inaingia, misuli inalegea, na mchezo unaanza upya.

Madaktari huiita hali hii apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hicho ni kipindi kimoja. Vipindi vya pumzi kukatika na vile vya pumzi kupungua hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa saa za kulala. Kwa mtu mzima, chini ya 5 kwa saa ni kawaida. Kati ya 5 na 15 ni hali hafifu, kati ya 15 na 30 ni ya wastani, na zaidi ya 30 ni kali. Piga hesabu mwenyewe: mwenye vipindi 30 kwa saa, akilala saa 7, amegutuka mara 210. Ukimuuliza asubuhi atakwambia amelala vizuri, ila kichwa kinamuuma kidogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana hali hii. Wengi wao hawajui. Wanachojua ni matokeo yake: presha isiyotaka kushuka hata kwa dawa mbili tatu, uchovu usioisha, hasira za karibu, na kusinzia mahali pasipofaa. Dereva wa trela anayetoka Mombasa kwenda Malaba akiwa na ugonjwa huu hatasaidiwa na kutafuna muguka. Muguka unafukuza usingizi kwa saa chache, lakini deni la usingizi linabaki palepale na litalipwa barabarani.

Nifafanue jambo moja hapa, maana watu huchanganya. Jinamizi si ugonjwa huu. Anayekabwa na jinamizi huamka akili ikiwa macho na mwili haujaweza kusogea, na asubuhi anakumbuka kila kitu kwa hofu. Mwenye apnia kwa kawaida hakumbuki chochote. Shahidi wake ni yule anayelala ubavuni mwake.

MTU WA SYDNEY NA MASHINE YA UPEPO

Hadi miaka ya 1970, mgonjwa aliyezidiwa alikuwa na tiba moja ya uhakika: kutobolewa tundu kooni, chini ya mahali panapoziba, na kuwekewa bomba. Tiba hiyo ilifanya kazi, lakini ni nani anayetaka kuishi na tundu kooni?

Mwaka wa 1980, katika Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia, daktari mtafiti Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo, mwanamume aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi. Aliambiwa atobolewe koo, akakataa, lakini akakubali kujaribiwa jambo jipya kwa usiku mmoja. Sullivan alichukua mota ya kupuliza hewa kama ile ya mashine ya kufyonza vumbi, akaunganisha bomba na barakoa iliyogandishwa puani kwa gundi ya kitabibu, kisha akaongeza nguvu ya upepo kidogo kidogo huku vipimo vikiandika. Nguvu ilipofikia kiwango fulani, pumzi ziliacha kukatika. Akiipunguza, zinakatika. Akiipandisha, zinarudi. Mgonjwa alilala usiku wote, na asubuhi aliamka macho makavu kama mtu ambaye hajalala kwa miaka.

Mwezi wa Aprili 1981 Sullivan na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Mashine ya namna hiyo leo inajulikana kwa herufi CPAP, na wengi hutamka "sipapu".

Siri yake ni nyepesi. Mashine haipumui kwa niaba yako, wala haiongezi oksijeni. Inapuliza hewa ya kawaida ya chumbani, mfululizo, ili njia laini ya koo ibaki imetuna, kama upepo unavyotunisha tanga. Na nguvu hiyo si kubwa. Wagonjwa wale watano walihitaji shinikizo la sentimita 4.5 hadi 10 za maji. Ukitaka kujua ni kiasi gani, chovya mrija kwenye bilauri ya maji hadi kina cha sentimita 10 kisha upulize. Nguvu unayotumia kutoa povu la kwanza ndiyo hiyo. Kitu kidogo namna hiyo kilichukua nafasi ya kisu kooni.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya wahandisi. Mota ya kwanza ilikuwa na kelele, na barakoa ilikuwa ya kubandikwa kila usiku. Mwaka wa 1989 Peter Farrell, aliyekuwa mkurugenzi mwanzilishi wa kituo cha uhandisi wa tiba katika Chuo Kikuu cha New South Wales, alianzisha kampuni Sydney kuendeleza uvumbuzi huo. Leo inaitwa ResMed. Michael Berthon-Jones, mmoja wa walioandika makala ya 1981, baadaye alishughulikia mashine zinazojirekebisha zenyewe, zinazosikiliza mtiririko wa pumzi na kupandisha au kushusha upepo kadiri koo linavyohitaji. Leo mota ni ndogo kuliko tofali na mlio wake haumwamshi mtu.

UPEPO HUOHUO UNAOKOA WACHANGA

Kuna tawi la habari hii linalotuhusu sana Afrika Mashariki na jirani zake. Miaka kumi kabla ya Sullivan, mnamo 1971, daktari George Gregory na wenzake huko San Francisco walionyesha kwamba shinikizo dogo la hewa lisilokatika linasaidia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao mapafu yao hujikunja kila wakitoa pumzi. Kati ya watoto 20 waliowatibu, 16 waliishi.

Tatizo lilikuwa bei ya mashine. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, wakiongozwa na walimu wao Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, walitengeneza mashine iliyotumia pampu kama zile za kupuliza hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Kiwango cha shinikizo hakikuhitaji kompyuta: ncha ya bomba hutumbukizwa ndani ya chupa ya maji, na kina chake ndicho kipimo. Sentimita 6 chini ya maji ni shinikizo la sentimita 6. Muuguzi anaona povu na anajua mashine inafanya kazi. Ilijaribiwa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, na matokeo yalichapishwa 2014: miongoni mwa wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliowekewa mashine hiyo, asilimia 71 walinusurika. Waliopewa oksijeni ya kawaida walionusurika ni asilimia 44.

Nasimulia haya kwa sababu vijana wetu wanaosomea uhandisi wa vifaa vya tiba, pamoja na walio hapa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wakati mwingine hudhani utafiti ni wa wenye maabara za mabilioni. Pampu ya samaki na chupa ya maji zimeokoa maisha. Kilichohitajika ni mtu kuelewa tatizo hadi mwisho wake.

KIPIMO CHA KIDOLE NA RANGI YA NGOZI

Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa kusikiliza mkoromo pekee. Katika kipimo kamili mgonjwa hulala kituoni akiwa amebandikwa nyaya: kichwani kusoma umeme wa ubongo, machoni, kidevuni, puani kupima hewa, na mikanda kifuani na tumboni. Mikanda hiyo ina kazi ya busara. Ikiwa hewa haipiti lakini kifua kinahangaika, njia imeziba. Ikiwa hewa haipiti na kifua kimetulia, basi ubongo haukutoa amri ya kupumua, na huo ni ugonjwa wa aina nyingine wenye tiba nyingine. Kuna pia vifaa vidogo vya kujipimia nyumbani, vyenye waya wa puani, mkanda mmoja na kibanio cha kidole.

Kibanio hicho tulikizoea wakati wa korona. Msingi wake uliwekwa Japani na mhandisi Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Taa mbili, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, hupenya kidole. Damu yenye oksijeni tele na damu iliyopungukiwa hunyonya taa hizo kwa viwango tofauti. Aoyagi alitambua kwamba kinachodunda ni damu ya mishipa inayotoka moyoni peke yake. Ngozi, mfupa na kucha havidundi, kwa hiyo mashine inaweza kuvitoa katika hesabu.

Ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha katika New England Journal of Medicine ulinganisho wa kibanio cha kidole na damu yenyewe. Pale kibanio kiliposoma asilimia 92 hadi 96, yaani kiwango cha kuridhisha, damu halisi ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na katika asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe. Kwa maneno mengine, kifaa kiliwapa matumaini ya uongo watu weusi mara tatu zaidi. Weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga, na vifaa vingi vilikuwa vimesahihishwa kwa kutumia watu wengi weupe. Mnamo Januari 2025 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo ikitaka watengenezaji wavijaribu kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali.

Sisi ambao ngozi zetu ni za rangi hiyo tuna haki ya kuliuliza swali hili kila hospitali inaponunua vifaa: vilijaribiwa kwa nani? Na kuna jingine la kwetu hasa. Piko nyeusi kwenye ncha za vidole inaweza kuzuia mwanga na kuharibu kipimo. Bi harusi akiugua, mwambie muuguzi atafute kidole kisicho na piko, au apime kwenye ndewe ya sikio.

TIBA NYINGINE, NA KISU KISICHOFAA

Upepo si njia pekee. Kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Kuna kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuamsha neva ya ulimi kila mtu anapovuta pumzi, kilichoidhinishwa Marekani 2014. Desemba 2024 nchi hiyo iliidhinisha pia sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa watu wanene wenye apnia ya wastani au kali. Na kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito na kuacha pombe husaidia wengi bila gharama.

Hata muziki umejaribiwa. Mwaka wa 2006 watafiti wa Uswisi walichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa watu 25. Nusu yao walifundishwa kupuliza didgeridoo, baragumu refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Usingizi wao wa mchana ulipungua na pumzi zao zikaimarika. Chombo hicho hupulizwa bila kukata, hewa ikivutwa puani huku mashavu yakisukuma, vilevile wafanyavyo wapiga zumari wetu. Sisemi zumari ni dawa, na watu 25 ni wachache. Nasema koo ni misuli, na misuli hufunzwa.

Kisu kimoja ni cha kukataliwa: kukata kimeo. Bado wapo wazazi wanaowapeleka watoto kwa mkata kimeo kwa sababu ya kikohozi au kukoroma. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kutokwa jasho, mara nyingi tatizo lake ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Hayo yanaonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kimeo hakina hatia, na wembe unaleta damu isiyokauka na maambukizi.

MASHINE IKILETWA NYUMBANI

Kwa wenye mashine za kuletewa, haya ndiyo ninayowaambia. Kwanza, kiwango cha upepo huwekwa kwa mtu fulani baada ya kupimwa. Mashine iliyowekwa kwa shemeji wa London si yako mpaka daktari aseme. Pili, angalia aina yake. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zirudishwe kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ingeweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mtumiaji. Mashine kuukuu za namna hiyo huenda bado zinazunguka, kwa hiyo soma namba iliyo chini ya mashine na uitafute kwenye orodha ya kampuni kabla ya kulala nayo.

Tatu, hewa yetu ina chumvi na vumbi. Kichujio kinachodumu mwezi kwingine, kwetu kikague kila wiki. Nne, usitie maji ya kisima kwenye kitangi cha unyevu. Tumia maji yaliyotoneshwa yanayouzwa maduka ya dawa, na uoshe barakoa kwa sabuni laini. Tano, stima ikikatika na kurudi kwa kishindo huunguza mashine, kwa hiyo tumia kilinda umeme.

MASWALI MANANE

Toronto nchini Kanada, Frances Chung na wenzake walitunga mwaka wa 2008 maswali manane ambayo leo hutumika duniani kote. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika mlango ukiwa umefungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika usingizini? Una presha? Uzito wako kwa kilo, ukigawanywa kwa kimo chako kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe, unapita 35? Una zaidi ya miaka 50? Shingo yako inapita sentimita 40? Wewe ni mwanamume? "Ndiyo" tatu au nne ni hatari ya kati. Tano na kuendelea ni hatari kubwa, na inafaa umwone daktari.

Maswali haya hayahitaji mashine wala shilingi. Kliniki zetu za presha hujaa kila wiki, watu wanapimwa mkono na kuongezewa vidonge. Ningependa kila kliniki ya Pwani iongeze swali moja tu: "Unalalaje, na anayelala nawe anasemaje?" Ningependa pia wenye magari ya abiria na trela wawaulize madereva wao vilevile, bila kuwatisha kwamba watafutwa kazi, kwani dereva anayeogopa kufutwa ataficha, na atakayeficha ataendesha akisinzia.

Na nyumbani, usiku wa leo, kabla ya kumsukuma mwenzako ageuke, msikilize kwa dakika tano. Mkoromo ukikatika, hesabu sekunde mpaka pumzi irudi. Ukifika kumi, na ikitokea tena na tena, rekodi kwa simu na mwende pamoja kwa daktari. Sauti hiyo ya dakika tano itamwambia daktari mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyasimulia.